Dawa ya Bunduki na Mwiko Mweupe

Ndunge Muthama anapika rangi ya bunduki nyuma ya nyumba yangu, na kabla hujashika kichwa, acha kwanza nieleze. Bunduki yenyewe sijawahi kuiona hapa, na siku nitakayoiona mmoja wetu atahama. Kinacholetwa ni mti tu, kile kitako ambacho mwenye bunduki hukiegemeza begani. Kuna fundi mmoja huko mjini, ana leseni na karatasi zote za serikali, anatengeneza bunduki za wenye mashamba makubwa na za wale wanaolenga shabaha kwa mchezo. Kitako kikivunjika, yeye anabaki na chuma chake, mti unakuja hapa kwetu Kaloleni umefungwa gazeti kama mkate. Ndunge anachonga kipya, anakitia rangi, anakirudisha.

Mimi ni Anyango, mke wa Obura, mama yake Vivian. Watu wa hapa watakuambia mdomo wangu hauna breki, na sitabishana nao. Nyumba ni ya baba mkwe wangu, aliyefanya kazi reli, na Obura naye akafanya kazi reli, miaka thelathini na moja katika stoo ya vipuri. Nyuma tuliongeza chumba cha mabati. Nusu ni jiko langu. Nusu nyingine nimempangisha Ndunge, mwaka wa saba sasa.

Alikuja na sanduku la patasi na mfuko wa nguo, basi. Karakana ya marehemu baba yake ilikuwa Ziwani, na mahali pale palipobomolewa akawa hana pa kuweka benchi. Nilimwuliza kazi yake akasema anachonga. Nikafikiri vinyago vya twiga, kama Wakamba wengine ninaowajua. Nikamwambia karibu. Wiki ya pili nikaona moshi wa rangi ya chungwa unapanda nyuma ya nyumba, naye amesimama upande upepo unakotoka, kitambaa puani, ametulia kama mtu anayechemsha mayai. Nilipiga kelele mpaka jirani wa nyumba ya tatu akaja na ndoo ya maji.

"Ni dawa tu, Mama Vivian," akaniambia. "Ikimaliza kula chuma itanyamaza."

Baadaye nilijifunza, maana ukikaa na mtu miaka saba utajifunza hata kama hutaki. Asidi ni ile ya masonara. Anaitia ndani ya maji polepole, hawezi kamwe kutia maji ndani ya asidi, hilo alinifundisha kwa kidole kama mwalimu wa darasa la kwanza. Halafu anatia vumbi la chuma, chembe kwa chembe. Inachemka yenyewe bila moto, inatoa ule moshi. Inakaa siku kadhaa, anaichuja kwa kitambaa, na kinachobaki ni maji ya kahawia kama chai ya rangi. Anayapaka kwenye mti. Mti unageuka kijani cha ugonjwa, rangi ya ukuta wenye ukungu, na mara ya kwanza nilipoona nilimwambia pole, umeharibu kazi ya watu. Akacheka. Akaniomba pasi ya makaa.

Hiyo pasi ni ya mama yangu mzazi. Ni nzito, ina jogoo mdogo wa chuma pale kwenye kifungio, na mimi mwenyewe naitumia kwa nguo za kanisani stima ikipotea. Nilimpa kwa shingo upande. Akaijaza makaa, akaipitisha karibu na ule mti bila kuugusa, upana wa kidole hivi, na pale ilipopita ule ukijani ukakimbia, mti ukawa mwekundu wa kahawia, ukawaka, mistari yake yote ikajitokeza. Mwishoni anaupangusa kwa maji ya magadi ili asidi ilale, kisha mafuta, siku baada ya siku.

Baba yake alikuwa na njia ya haraka. Mzee Muthama, Mungu amlaze pema, alipokuwa kijana alichonga jakaranda, akaipaka rangi nyeusi ya viatu, akawauzia watalii akisema ni mpingo. Ndunge anaona aibu mpaka leo. "Mtu akishika kinyago, mkono unatoka mweusi," alinisimulia. "Baba alikuwa anaficha uso." Mzee alifundishwa hii dawa na mafundi wa bunduki wa zamani, na tangu siku hiyo hakushika rangi ya viatu tena hata kwa viatu vyake. Binti yake ni vivyo hivyo. Rangi lazima itoke ndani ya mti. Ukimwambia aipake tu juu atakuangalia kama umemtukana.

Hakuolewa, hana mtoto. Ana miaka arobaini na saba. Pua yake ilikufa zamani kwa sababu ya ule moshi. Mandazi yakiungua hapo kando hajui. Vivian wangu anamwita Auntie, na alipopata mimba, wa kwanza kuambiwa alikuwa Ndunge. Mimi niliambiwa wa pili. Nilinuna siku mbili.

Sasa tuje kwa chupa.

Mimi ndiye ninayeosha vyombo vya madhabahu kanisani kwetu, na chupa za divai zikiisha naruhusiwa kuzibeba. Ni chupa nzuri za kioo kizito cheusi. Dawa ya Ndunge haitaki jua wala plastiki, kwa hiyo nilimpa moja. Moja yangu naweka kado, zilizobaki tupu nazipanga chini ya rafu. Kama hujakaa na Waluo, kado ni maji ya majivu. Unachoma maganda makavu ya maharagwe, unatia majivu kwenye kopo lililotobolewa chini, unamwagia maji, yanadondoka taratibu. Ukitia kidogo kwenye mboga ya mrenda, mrenda unalainika, unavutika, unabaki kijani kibichi. Bila kado huo ni uchafu tu wa majani. Na rangi yake ni kahawia kama chai ya rangi.

Ndiyo, najua. Nilijua hata wakati ule. Ndiyo maana niliweka sheria. Rafu ni moja, kushoto ni kwa Ndunge, kulia ni kwangu, katikati ni kopo la chumvi. Nikamwambia siku chupa yake itakapovuka chumvi, siku hiyo atafute nyumba. Miaka saba haikuvuka.

Jumamosi hiyo ninayozungumzia, Vivian alikuwa anakuja kutoka Kayole. Alikuwa na mimba ya miezi sita, na tangu Jumatatu alikuwa ananitumia ujumbe wa mrenda. Si nyama, si samaki. Mrenda wa mama. Ijumaa nikatengeneza kado mpya, nyingi, nikajaza chupa yangu na nyingine ikabaki kwenye sufuria ndogo. Nikaifunika, nikaenda zangu kulala. Asubuhi nikakuta sufuria imeoshwa, imeinamishwa. Nikajua ni Obura. Mwanaume akistaafu anaanza kuosha vitu ambavyo havijaombwa kuoshwa. Nikamtukana moyoni kwa kumwaga kado yangu, lakini mwenyewe alikuwa ameshatoka kwenda mkutano wa wakazi huko holini, na simu ameiacha kwenye chaji kama kawaida yake.

Vivian alifika saa nne, tumbo mbele, viatu mkononi. Ndunge alikuwa amemchongea mwiko. Ulikuwa wa jakaranda, mweupe pe, haujapakwa hata mafuta, na kwenye mpini amechonga samaki mdogo. "Wa kumkorogea mtoto uji," akasema, akaangalia pembeni. Vivian akanipa mimi, "Mathe, anza nao leo, uzoee kazi." Nikapikia mrenda kwa mwiko ule. Nilinyoosha mkono rafuni huku nikiongea, maana sijui kupika kimya, nikatwaa chupa, nikamimina, nikakoroga. Vivian akala sahani mbili na ugali wa mtama. Nikamwambia pole pole, akaniambia si yeye, ni mtoto. Saa saba akaondoka na sufuria nzima ya mrenda ndani ya kopo la plastiki. Kado iliyobaki kwenye chupa nilikuwa nimeimwagia mboga nyingine ya jioni, na hiyo mboga pia akaenda nayo, chupa nikaisuuza mara tatu, nikaianika. Sufuria nikaisugua kwa mchanga ikang'aa. Mimi ni mtu wa usafi. Siku ile usafi wangu nusura uniue.

Saa tisa hivi nikasikia Ndunge ananiita kwa sauti isiyo yake.

"Mama Vivian. Hebu kuja uone. Dawa imekataa."

Alikuwa na kitako juu ya benchi, amekipaka, pasi yangu ya makaa mkononi. Alipitisha pasi mara moja, mara mbili. Mti ukakauka tu. Haukugeuka kijani mwanzoni, haukugeuka mwekundu sasa. Ulikuwa mti uliolowa maji ukakauka, basi. Akanyunyiza kidogo kwenye vidole vyake akavisugua, akakunja uso.

"Inateleza," akasema. "Dawa haitelezi."

Nikachukua chupa, nikanusa. Mimi pua yangu ni nzima. Harufu ilikuwa ya majivu, majivu ya maharagwe, harufu ya jiko la mama yangu huko Gem. Nikasema, "Ala, wewe umepaka bunduki ya watu kado," na nikaanza kucheka. Kweli nilicheka. Nikamwuliza ameitoa wapi.

"Kushoto," akasema. "Mahali pangu."

Yeye hakucheka. Aligeuka akaitazama rafu. Akaniuliza pole pole, kama mtu anayeogopa jibu, "Kama kado ilikuwa kwangu, wewe ulitia nini kwenye mboga?"

Nikaanza kuhesabu. Kado niliyoijua ni ya chupa moja. Ile ya sufuria ilimwagwa. Chupa mbili rafuni, moja dawa, moja kado, na kado hii hapa mkononi mwangu. Hesabu ilikuwa rahisi sana, mtoto wa shule angeifanya. Nilikuwa nimemlisha Vivian asidi na chuma. Sahani mbili. Na nilimfungia nyingine aende nayo.

Nikampigia. Simu imezimwa. Nikapiga tena, nikapiga tena, nikawa napiga hata kabla yule mwanamke wa mtandao hajamaliza kusema. Nikampigia mumewe, Walter, ambaye ni dereva wa lori. Iliita mpaka ikakatika, alikuwa barabarani. Nikageuka nikamwangukia Ndunge kwa maneno. Sitayarudia yote. Nilimwambia ameniletea sumu nyumbani. Nilimwambia hajui uchungu wa mtoto kwa sababu hana. Hilo nililisema, na nikalisikia likitoka, na sikulirudisha.

Aliniuliza tu, "Chupa iko wapi?"

"Nimeiosha."

"Sufuria?"

"Nimeisugua."

"Mboga yote imeenda?"

"Yote."

Nilikuwa nafunga leso kiunoni nikimbie Kayole, sijui kwa gari gani, hata kwa miguu ningeenda. Ndunge akanishika mkono. Vidole vyake ni kama koleo.

"Dakika moja. Mwiko uko wapi?"

"Mtoto wangu anakufa na wewe unatafuta mwiko?"

"Ulikoroga kwa mwiko wangu? Ule mweupe?"

Mwiko ulikuwa umening'inia ukikauka. Niliusuuza kwa maji tu, sikuusugua, kwa sababu ulikuwa mpya na nilimwonea huruma yule samaki. Nilipanga kumpelekea Vivian Jumapili ijayo. Ndunge akautwaa kwa mikono miwili. Upande wa kijiko ulikuwa umeshika ukijani wa mboga.

"Sikiliza," akasema. "Huu ni mti mkavu, haujanyweshwa mafuta. Chochote kilichochemka ndani ya ile sufuria ulikinywa. Kama ni dawa, imo ndani, hata ukiosha wiki nzima. Na kama imo ndani, moto utaitoa."

Nikamwambia sielewi, na kwamba ukijani huo nauona. Akasema ukijani wa mboga ni wa mboga, nisiuogope. Akaenda pembeni ya benchi akaleta kijiti. Ndicho alichokorogea dawa Alhamisi, kisha akakiosha bombani. Kilikuwa cha jakaranda vilevile, kimetoka gogo moja na mwiko. Kilikuwa na rangi ya majivu, hakuna cha kutisha. Akapuliza makaa ndani ya pasi mpaka jogoo wa chuma akawa hashikiki.

"Tazama hiki kwanza, ili uniamini."

Akakisogezea kijiti pasi, upana wa kidole. Nilihesabu bila kutaka. Kufika sita, kile kijiti kilianza kuwaka wekundu kutoka ncha, wekundu ukapanda kama mtu anayeona haya. Kilikuwa kimeoshwa. Kilikuwa kimekaa siku mbili kwenye hewa. Na bado kilisema ukweli wote.

Halafu akachukua mwiko.

Nimezaa mara tatu na kuzika mara mbili. Nimesimama nje ya vyumba vya hospitali. Lakini sijawahi kutazama kitu jinsi nilivyoutazama ule mwiko. Ndunge alishika mpini kwa mkono wa kushoto na pasi kwa kulia, na pasi ile nzito ilikuwa inatetemeka, mwanamke ambaye anaweza kuchonga jicho la ndege bila kupumua. Nikahesabu sita. Nikahesabu kumi. Mvuke ulitoka, harufu ya mboga ikapanda, yale maji yaliyobaki kwenye mti yakakauka. Ukijani ukafifia, ukawa kama majani makavu. Nikahesabu ishirini. Akaugeuza upande wa pili. Akaenda kwenye ncha, pale nyuzi za mti zinapoishia, ambapo mti hunywa zaidi, akaishikilia pasi hapo mpaka ukingo ukaanza kuungua kidogo na kutoa moshi.

Ulikuwa mweupe. Umeungua ukingoni, una doa la mboga, lakini mweupe.

"Hakuna dawa hapa," Ndunge akasema. "Hakuna hata tone."

"Una hakika?"

"Mama Vivian, hiki ndicho kitu pekee ninachokijua duniani."

Akaweka pasi chini, halafu yeye mwenyewe akakaa chini, kwenye vumbi la mbao, akafunika uso na aproni. Mabega yalikuwa yanaruka. Mimi nilikuwa bado nimesimama na simu mkononi nikiogopa kufurahi, kwa maana furaha ikija mapema inaweza kurudishwa. Ndipo simu ikalia.

"Mathe, niaje. Mbona missed call kumi na saba? Nilikuwa nimelala, simu ilizima."

"Unaumwa?"

"Zii, siumwi. Kwani?"

"Tumbo? Koo? Kinywa hakiungui? Mtoto anacheza?"

"Anacheza mpira. Mathe, uko sawa? Nimeamka nikamaliza ile mrenda nyingine, baridi hivyo hivyo. Ilikuwa poa, inavutika kama yenyewe. Jumapili nipikie tena."

Inavutika. Niliposikia hilo neno nilitaka kujipiga kofi. Miaka arobaini napika mrenda. Kama ningetia asidi, ungevutika na nini? Ungekatika kama maji ya mtama, ungekuwa mweusi, na ladha yake hata mbuzi angeitema. Niliuona kwa macho yangu ukiwa kijani na laini, niliusifu mwenyewe, na hofu ilipoingia niliyasahau yote. Nilimwambia Vivian nampenda. Akashtuka zaidi kuliko kwa zile simu kumi na saba, kwa maana mimi si mtu wa kusema hivyo, akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna. Nikalirudia, hakuna mtu amekufa, na nikasikia kifua changu kinafunguka kama gunia lililokatwa kamba. Nikalia, nikacheka, nikamshukuru Mungu kwa Kijaluo na kwa Kiswahili ili asije akapitwa.

Obura akarudi kutoka holini saa kumi, amejaa habari za mkutano, akatukuta wawili tumekaa chini kwenye vumbi tumeshikana mikono. Nikamwuliza kado ya sufuria aliimwaga wapi.

"Kumwaga?" akasema. "Chakula hakimwagwi. Niliitia kwenye chupa yako moja tupu ya divai, nikaiweka rafuni."

"Upande gani?"

"Pale palipokuwa na nafasi. Kushoto."

"Na chupa ya Ndunge?"

Akatazama viatu vyake. Alisema Ijumaa usiku hakupata usingizi akifikiria Vivian anakuja na hali yake, na ile dawa iko hatua mbili kutoka kwa unga. Kwa hiyo aliamka alfajiri, akaichukua, akaifungia kwenye sanduku lake la chuma la reli, lenye kufuli. Alikusudia kutuambia. Halafu akaona pengo kwenye rafu. Miaka thelathini na moja katika stoo, mtu huyu alikuwa anafundisha wenzake kwamba rafu haiachwi na pengo, maana pengo ni wizi au ni uzembe. Basi akalijaza.

Alituletea chupa. Ilikuwa imejaa mpaka shingoni, haijaguswa. Nilimtukana na nikamkumbatia kwa pamoja, na yeye, maskini, hakujua ajibu lipi. Kumbe mwanangu alilindwa na yule yule aliyetutia hofu, kwa tendo moja, na hawezi hata kusifiwa vizuri.

Ndunge aliosha kile kitako kwa maji na siki, akakisugua upya, akaanza tena siku ya Jumatatu. Fundi wa mjini hakujua kitu.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini Jumatano, nilipotoka sokoni na dagaa wangu, nilimkuta Ndunge amefungua lile sanduku alilokuja nalo. Patasi zilikuwa zimefungwa kwa vitambaa, moja moja. Kile kitako kilikuwa chekundu, kimebakiza mafuta tu, nusu kimefungwa gazeti.

"Nimepata chumba Kayole," akasema bila kunitazama. "Mwisho wa mwezi."

"Nani amekufukuza?"

"Hakuna. Lakini ulisema kweli. Ni sumu. Nilipokuwa nashika ile pasi, nilikuwa nimeshaamua. Kama mti ungegeuka, ningekuambia haujageuka lakini umpeleke Vivian hospitali hata hivyo, ili uende Kayole ukiwa bado na nguvu. Ningekudanganya. Halafu ningebaki hapa na ile rangi nyekundu peke yangu."

Niliweka dagaa chini. Lile neno langu la mtoto, lile nililomrushia, lilikuwa limekaa kati yetu siku nne na hakuna aliyeligusa. Nikamwambia, "Ndunge, nililosema kuhusu uchungu wa mtoto, nilisema uongo. Nilikuona ukitetemeka. Nisamehe."

Alifunga patasi nyingine.

Nikaenda jikoni. Nikarudi na ile pasi ya makaa, nikaiweka katikati ya benchi lake ikalia kama mlango wa gereza.

"Hii ni ya mama yangu," nikasema. "Haitoki kwenye ua huu. Haiendi Kayole. Obura anatengeneza kabati ya chuma yenye kufuli kwa ajili ya dawa, ufunguo utakaa nao wewe. Lakini pasi inabaki hapa, na sitaki kusikia umetafuta nyingine."

Alimgusa yule jogoo wa chuma kwa kidole. Nje Obura alikuwa anapiga msumari mahali fulani, vibaya. Halafu Ndunge akafungua kitambaa kimoja, akaiweka patasi yake pale inapokaa siku zote, akaniuliza kama jikoni kuna makaa.